Maji Yako Alama ya Ngapi

Jumanne, 15 Machi 2022

Laini yangu ya simu, ile inayoishia na sabini na saba, ilikufa jana Jumatatu tarehe 14 Machi, kabla sijanywa chai ya saa nne. Niliinunua mwaka 2008, msimu wa kwanza kuuza vitunguu saumu bila kupitia kwa dalali, na sijawahi kuibadilisha. Imeandikwa kwenye mlango wa Canter yangu. Imeandikwa kwenye ukuta wa mashine ya kusaga. Ng'ambo ya mto kuna watoto wa shule wanaoijua kwa kichwa kuliko jedwali la saba.

Naandika kwa sababu sina pa kuongea. Kwa kawaida mimi huongea.

Kwa atakayesoma baadaye, labda mjukuu aliyeko njiani: jina langu Fransiska, watu wananiita Mama Lucia. Mume wangu Baltazar alifariki Lucia akiwa darasa la tatu, akaniachia ekari moja na nusu na mama yake. Ekari sasa ni kumi na moja. Mama yake ni yuleyule mmoja, Mama Natalia, na simbadilishi kwa chochote.

Kivuko chetu tunakiita kwa Nikolausi, kwa kuwa shamba la Nikolausi linaishia pale. Nilichimbia nguzo ya mkaratusi pembeni ya maji, nikaipaka pete tano za rangi nyekundu kutoka chini kwenda juu. Maji yakiwa alama ya kwanza, mtu anavuka kwa miguu. Ya pili, gari tu, tena la dereva mwenye akili. Ya tatu, havuki mtu. Ya nne, Nikolausi anahamisha mbuzi. Ya tano hatujaiona, tusiione. Kila asubuhi ya masika naangalia nguzo, halafu naongea kwenye kundi la simu linaloitwa Maji Leo. Wenye vitochi, zile simu ndogo zisizo na makundi, wananipigia, wananisalimia haraka na kuuliza: Mama Lucia, maji yako alama ya ngapi? Sijawahi kumtoza mtu kwa jibu hilo.

Lucia wangu ameolewa ng'ambo, njia ya Masieda. Mimba yake ya kwanza ilimtoa damu nyingi na mtoto hakupona. Daktari alisema hii ya pili lazima azalie hospitali, na hospitali iko upande wetu. Anatarajia mwisho wa Aprili, maji yakiwa na kiburi chake chote. Hiyo ndiyo laini iliyokufa. Si ya umbea.

Kwa nini ilikufa, najua. Mwaka jana kivuko kiliwekewa makalvati, yale mabomba ya saruji ya kupitisha maji. Bango la mradi linasema sita. Nimeingia majini kiangazi na suruali ya Baltazar nikahesabu, ni manne. Jumamosi ya tarehe 5 nikiwa jikoni nilisema hivyo kwenye kundi, kwa Kiiraqw: bango linasema sita, mto unasema manne, na mimi nauamini mto. Nikamuuliza Mtendaji wetu wa kata mawili ameyaweka wapi. Nilikuwa na hasira. Sasa nimekuwa kimya kwa lazima.

Jumatano, 16 Machi

Alama ya kwanza. Nimeangalia kwa mazoea, nikarudi nyumbani na jibu langu mfukoni.

Ijumaa, 18 Machi

Nimekwenda kwa Mtendaji. Mtendaji huyo, Pascal, namfahamu tangu anachunga. Mimi na marehemu mama yake tulikuwa tunabeba vitunguu kichwani hadi mnada wa Bashay, tukipokezana maji ya kunywa. Aliinuka, akanipa shikamoo, akanifutia kiti. Hayo siwezi kumnyima.

Akasema ameuliza kwenye kampuni ya simu na jibu ni kwamba vidole vyangu havisomeki tena. Wakulima tunafutika alama za vidole kwa jembe, mfumo ukihakiki hautuoni, unatukata wenyewe bila ubaya.

Nikamuuliza kama mfumo una wivu na mikono yangu peke yake. Jirani yangu Perpetua anafyatua matofali tangu ujana, ukimpa mkono unafikiri umeshika msasa, na simu yake inaimba mchana kutwa. Pascal akaangalia viatu vyake. Nikauliza na yale makalvati mawili. Akasema yapo, yako chini ya yale manne, yamezikwa ili kuimarisha. Nikauliza maji yanapitaje kwenye kalvati lililozikwa. Akasema wataalamu wanajua.

Nilipokuwa naondoka akasema taratibu, kama mtoto anayemsihi mzazi, "Mama Lucia, hasira hazijengi. Na ile sufuria haikukosa kitu."

"Sufuria gani?"

Akafungua faili na kuanza kulisoma. Halikuwa na karatasi ndani.

Njiani nimekumbuka. Ile Jumamosi, baada ya kutuma sauti yangu, niliipiga teke sufuria ya maharage ikazunguka jiko zima. Lakini kidole nilishakitoa kwenye simu. Sauti ilikuwa imeshakwenda. Sufuria haimo.

Jumapili, 20 Machi

Baada ya misa watu wamenisalimia huku wanatembea. Kwenye kundi wameondoka kumi na mmoja, nimeambiwa na Alfredi, dereva wangu, ambaye yeye bado yumo na anajiona shujaa. Perpetua amenishika mkono nyuma ya kanisa na kuniambia simu husikia hata ikiwa imezimwa, shemeji yake wa Arusha alimhakikishia. Nilitaka kucheka, nikaikumbuka sufuria. Nimeiweka simu kwenye debe la unga na kufunika mfuniko.

Mama Natalia ameniuliza kama kile kidude kinasikia baridi. Siku hizi ananipendelea mno. Maziwa ya kwanza kukamuliwa ananiletea mimi, na siagi anaificha wageni wasiione. Jioni akaniambia si vizuri mtu kulala na hasira. Nikamjibu nalala nayo, kitanda kimekuwa kikubwa tangu mwanao aondoke. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaacha kucheka ghafla, akainuka kwenda kumfungia ndama. Ndama alikuwa ameshafungiwa.

Alhamisi, 24 Machi

Nimelifikiria hili jambo kama ninavyofikiria mzigo kabla ya kupakia. Niliongea Kiiraqw. Makao makuu ya kampuni hakuna Mwiraqw anayekaa kunisikiliza nikihesabu saruji. Kwa hiyo sikio liko hapahapa. Nani ana vidole vyangu kwenye mashine yake? Hatibu wa Dongobesh, aliyenisajilia laini. Nani si Mwiraqw lakini anasema Kiiraqw kizuri kuliko Lucia? Hatibu. Nani anajua simu zinafanya nini zikizimwa? Huyohuyo.

Ni Hatibu. Nimeandika kwa wino.

Jumanne, 29 Machi

Alama ya tatu. Hakuna aliyeniuliza.

Ijumaa, 1 Aprili

Maji yamechukua pikipiki ya mtu wa ng'ambo. Mwenyewe aliokolewa na mzizi wa mti na kamba ya Nikolausi. Alipoacha kutetemeka alisema alinipigia kwanza, mwanamke wa kwenye simu akamjibu sipatikani. Nilikuwa nimesimama mbele yake na uji wake mkononi.

Jumamosi, 2 Aprili

Mkutano wa kata. Imetangazwa kwamba kuanzia sasa taarifa za mto zitatolewa na ofisi. Mtu mmoja wa nyuma akauliza leo maji yako alama ya ngapi. Ofisi ikasema taarifa itatolewa.

Jumamosi, 9 Aprili

Nimekwenda Dongobesh kumkabili Hatibu. Nilimkuta dukani na mke wake Hadiya, nikaanza mlangoni kabla hata hajaitika salamu yangu. Nikamwambia kila kitu: vidole, Kiiraqw, sufuria. Watu wawili waliokuja kununua vocha wakaahirisha kununua ili wasikilize vizuri.

Hatibu alinyoosha mikono yote miwili. "Mama Lucia, shikamoo. Nimefunga, sina hata mate ya kujitetea. Nigombeze taratibu, au urudi magharibi nikugombeze na mimi."

Hadiya akageukia ukutani, mabega yanacheka.

Akanivutia kigoda. Akasema hana vidole vya mtu, mashine inavisoma na kuvipeleka huko mbali, yeye anabaki na jasho tu. Kisha akauliza ni nani aliyeniambia vidole vyangu havisomeki. Nikamtajia. Akachukua kitambaa, akanifuta dole gumba kama anafuta kioo cha taa, akaliweka juu ya mashine. Ikalia mara moja. Akaweka la pili. Ikalia. Vyote kumi alivijaribu, na vyote kumi mashine iliviitikia, hata kile nilichokikata na mundu.

"Mfumo unakuona vizuri sana," akasema. "Labda ndiyo shida."

Amenisajilia laini mpya kwa vidole vilevile vilivyofutika. Amejaribu kuuliza habari ya ile ya zamani. Kwenye mashine yake imeandikwa imefungwa, sababu haikuandikwa. Hiyo ya vidole haipo popote isipokuwa mdomoni mwa Mtendaji.

Hadiya amenifungia tambi za kufuturu niwapelekee nyumbani. Nimemwomba Hatibu radhi mbele ya wale wawili wa vocha, kwa sababu mbele yao ndipo nilipomkosea. Ule wino wa tarehe 24 nimeukata.

Jumapili, 17 Aprili, Pasaka

Alama ya pili. Namba mpya nimeigawa kwa mdomo, kwa wapanda pikipiki, kwa katekista. Lucia nimemwambia mwenyewe. Ameiandika kwenye simu yake. Wengine hawapokei. Alfredi anasema ng'ambo imesambaa kwamba ofisi imetoa namba ya mtego, ukiuliza maji unaandikwa jina. Nimejaribu kuwapigia watu ishirini. Amepokea mmoja, akasema amekosea namba, wakati mimi ndiye niliyempigia.

Mama Natalia hakula nyama ya sikukuu. Aliniuliza kama yule wa pikipiki amepona. Nikasema amepona. Akauliza tena usiku.

Jumatatu, 25 Aprili

Mvua. Alama ya tatu.

Jumanne, 26 Aprili

Mvua. Ya tatu na nusu. Nikolausi amehamisha mbuzi bila kusubiri.

Jumatano, 27 Aprili

Asubuhi yalishuka hadi ya pili. Canter ilikuwa Katesh na mzigo, nilikuwa nimeituma jana. Hilo nitalijutia peke yangu.

Mtu mmoja aliyevuka alfajiri kwa lori la magogo alinikuta mashineni wakati jua limeshapanda. Akasema kwa utulivu wa mtu asiyejua alichobeba: Lucia ana uchungu tangu usiku, mume wake Yohanes amepata gari la parokia, wamekaa kanisani juu ya kilima wanangoja habari za mto. Barabara ya kushuka ni tope, dereva wa parokia hashuki bila kuambiwa alama, maana akikuta maji hawezi kugeuza.

Nilikimbia kwa Nikolausi. Maji yalikuwa alama ya pili chini kidogo, yametulia, yanapitika kabisa. Lakini juu, upande yanakotoka, wingu lilikuwa jeusi kama sufuria. Nikampigia Lucia, simu imezimwa. Siku tatu hakuna jua la kuchaji. Nikampigia Yohanes. Iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Nikapiga tena. Nikaandika: Yohanes mwanangu, mimi Mama. Hii ndiyo namba yangu mpya. Maji ni alama ya pili. Vukeni sasa hivi.

Kutoka kwenye nguzo yangu kile kilima kinaonekana. Niliona gari la parokia, jeupe, limesimama pembeni ya kanisa. Nilivua kitenge nikakipunga. Nikolausi akapanda mti akapunga shati lake. Gari halikutikisika. Nikaanza kuingia majini, Nikolausi akashuka akanishika kiuno, akaniambia niache ujinga, kwa alama hiyo miguu haishiki na Lucia hahitaji msiba juu ya uchungu.

Tulikaa hapo tukiangalia kivuko kizuri, kitupu, ambacho gari lingevuka bila kulowesha mlango. Kisha maji yakabadilika rangi. Nilisikia sauti kabla sijaona. Pete ya tatu ikazama, na mchana ulipofika katikati pete ya nne ikazama. Gari jeupe likageuka na kurudi lilikotoka.

Nimekaa siku nzima na simu mkononi. Iko wazi, ina chaji, ina salio. Haina mtu anayeiamini.

Alhamisi, 28 Aprili

Lucia yu hai. Mtoto yu hai, wa kike, ana hasira. Nimeanza na hayo, mengine yanaweza kusubiri.

Alfredi alirudi alfajiri, akalala kwenye usukani akisubiri alama ya pili. Tulivuka baada ya saa sita, mimi na Mama Natalia kando yangu, amekumbatia chungu cha siagi ya kumpaka mtoto. Tulifika katikati ya mto. Alikuwa anayaangalia maji kama mtu anayemjua.

Mtoto alizaliwa jana jioni nyumbani kwa mama yake Yohanes. Damu ilitoka nyingi. Mkunga mzee alikaa na mkono wake juu ya tumbo la Lucia usiku kucha, anakanda, anakataa kupumzishwa. Lucia ni mweupe kama karatasi lakini aliponiona alisema nimechelewa, nikajua atapona. Alfredi ameshageuza gari, tunampeleka hospitali kesho alfajiri nguzo ikiruhusu.

Yohanes alikuwa amekaa nje, macho mekundu. Akanipa simu yake mwenyewe. Simu zangu zote zimo, hazijapokelewa, na ujumbe wangu umesomwa.

"Mama, kila tapeli anaanza hivyo. Mimi mama, hii namba yangu mpya. Na wenzangu wakasema ni mtego, ukijibu unaandikwa kuwa bado unauliza mto. Ningeona ile sabini na saba ningeruka na gari."

Nilikuwa nimembebea maneno njia nzima. Nimeyaacha. Kijana alikuwa na mke anayekufa, na kila sauti iliyomfikia alishafundishwa kuiogopa. Nikamwambia kwa miaka yote niliyomjua, ndiyo mara ya kwanza amekuwa mwangalifu, na amechagua siku mbaya. Alicheka huku analia.

Sasa Mama Natalia. Alikataa kuingia ndani. Kwetu mtu mwenye neno moyoni haingii alipo mtoto mchanga, na mwenye kuzaliwa na kukulia hapa hahitaji kuelezwa zaidi. Alikaa juu ya kuni nje ya mlango, chungu mapajani. Nilidhani amechoka. Nikamletea maji. Akaniambia nikae chini.

"Mimi ndiye niliyepeleka maneno yako kwa Pascal."

Akaeleza bila kuniangalia. Ile Jumamosi alinisikia jikoni. Akahesabu: nyumba ina mimba, na mwenye nyumba ana ugomvi na mtu wa jirani. Hakuweza kuliacha. Jumapili baada ya misa alichuma majani mabichi pale chemchemi, akajaza kibuyu maziwa, akatembea peke yake hadi nyumbani kwa Pascal ili kuupoza ugomvi, maana kwetu mtu akiyanywa maziwa hayo amesamehe. Akamwambia yote, makalvati, bango, mto, hata teke na sufuria, kwa sababu huwezi kumpoza mtu kwa jambo ambalo hujamweleza. Pascal alimsikiliza kwa heshima. Alipokea kibuyu kwa mikono miwili.

"Alikunywa, Mama Lucia. Alikunywa karibu nusu. Nikajua limekwisha."

Akangoja Pascal aje kwetu na yeye, kama inavyotakiwa. Badala yake laini ikafa. Alijiambia hayahusiani, maana mtu aliyekunywa hawezi kulipiza. Mpaka ile pikipiki ilipochukuliwa na maji.

Wiki zote hizi nilitafuta sikio kwenye minara, kwenye mashine ya Hatibu, kwenye debe la unga. Lilikuwa pembeni ya jiko langu, linachambua mchele.

Nilimshika mikono. Imekuwa myepesi sana. Nikamwambia, Mama, mimi na wewe hatuna neno. Akasema niseme tena kwa sauti, ndani wasikie. Nikasema tena. Ndipo akainuka, akaingia, akampaka mtoto siagi kichwani, na mtoto akanyamaza.

Mimi nilibaki nje kidogo. Kuna mtu ambaye bado nina neno naye.

Jumatano, 4 Mei

Lucia ametoka hospitali, wako kwangu. Hatibu amemtumia mtoto kanga ya Idi. Alama ya kwanza.

Leo nimekutana na Pascal njiani, karibu na bango. Alizima pikipiki, akashuka, akanipa shikamoo na pongezi za mjukuu. Niliitikia vyote. Kisha nimemwambia haya, na nayaandika kama nilivyoyasema ili asije akasema nimeongeza.

"Pascal, vidole vyangu vinasomeka vyote kumi, Hatibu ni shahidi. Kwa hiyo usinirudie na vidole, wala mfumo. Mama alikuja kwako mchana, kwa miguu yake, akakupa maneno yangu pamoja na maziwa. Hakujificha, na hana kosa. Wewe ulikunywa. Sijui kama baada ya hapo ulitishwa, au uliogopa kabla ya kutishwa, na kama uliogopa nitakuelewa, maana nilimjua mama yako na yeye alikuwa mwoga wa wakubwa. Lakini nataka jibu, si maelezo. Uliyapeleka kwa nani? Nani alisema laini yangu ifungwe, na kwa sheria ipi? Nataka jina. Ijumaa hii, saa nne kamili asubuhi, niko ofisini kwako. Mama atakuwa kwenye benchi la nje na kibuyu chake, safari hii kitupu. Utamjibu yeye."